KUWAPO MAHALI ULIPO

Jambo ninalotaka kulieleza ni jepesi kulitaja, lakini ni gumu kulitenda. Ni kule kuwapo mahali ulipo: mikono ikifanya kazi, mawazo nayo yawe kwenye kazi ile ile.

Sisi wa Bukoba na Muleba twaijua hali hiyo, ingawa hatuipi jina. Usiku wa senene, mwezi wa Novemba au Desemba, hakuna mtoto anayewaza habari za kesho. Ukizubaa kidogo tu, mwenzako amekwisha jaza kopo lake. Kahawa nayo ni hivyo. Kahawa ya kuuza huchumwa mbivu, iliyo nyekundu. Mchumaji ambaye mawazo yake yamekwenda sokoni, mkono wake huchukua na mbichi, wala hajui mpaka anapoimwaga juu ya mkeka.

Lakini senene huja kwa msimu. Siku nyingine zote mwili huwa hapa na mawazo kule. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitangaza uchunguzi wao. Waliwauliza watu 2,250 kwa njia ya simu, kwa nyakati mbalimbali: Sasa unafanya nini, unawaza nini, na moyo wako ukoje? Wakaona ya kwamba karibu asilimia 47 ya nyakati hizo watu walikuwa wakiwaza jambo lisilokuwa lile walilolifanya, na furaha yao ilikuwa pungufu. Hata waliowaza mambo ya kupendeza hawakuwazidi kwa furaha wale waliokuwa na mawazo kwenye kazi yao.

Mtu ataniuliza: Je, walimu hawatuambii tuyafikirie maisha ya mbele? Ndiyo, watuambia. Apandaye mche wa kahawa hungoja miaka kama mitatu kabla ya kuchuma, na hapana shaka aliifikiria miaka hiyo. Lakini kupanga nako ni kazi yenye saa yake. Saa ya kuchimba shimo ni ya kuchimba.

Mimi nilijifunza hayo kwa hasara. Likizo ya Juni, nilipokuwa Kidato cha Pili, nilikwenda kwa bibi yangu huko Muleba. Basi letu lilikuwa halijafika Kemondo nami nimekwisha anza kuuwaza mtihani wa Novemba. Siku hizo Bibi alikuwa akitengeneza kahawa ya kutafuna, ile wanayopewa wageni wakikaribishwa nyumbani. Hii si kama ya kuuza: huchumwa ikiwa imekomaa lakini haijaiva, huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha hukaushwa. Bibi alikuwa na majani yake aliyoyachagua. Akaniita nikae karibu na chungu, akasema, "Mjukuu wangu, tazama. Mimi nilionyeshwa na mama yangu." Akalishika jani, akalitaja jina, akanipa nilinuse, akalitia. Nami nikaitika, "Ndiyo, Bibi," huku nahesabu kichwani masomo ambayo sijayarudia. Chungu kilipochemka nikatoka nje na daftari langu.

Bibi alifariki mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Matangani wageni walipewa kahawa aliyoiacha, mpaka ikaisha. Mtihani niliufaulu, lakini siwezi kusema kwamba kule kuwaza kando ya chungu kuliniongezea hata alama moja.

Siku hizi nikipewa ndizi nimenye, hujaribu kumenya ndizi tu. Mawazo hukimbia, nami huyarudisha kama mbuzi aliyekata kamba. Punde si punde yamekwenda tena, nayafuata tena. Sijaona njia nyingine. Darasani nafanya vivyo hivyo, ingawa mbuzi wa kipindi cha mchana, baada ya chakula, ni mkaidi zaidi.

Likizo iliyopita tulijaribu kuitengeneza kahawa ile, mimi na shangazi. Yeye anayajua majani mawili. Bibi alikuwa akitia ya namna tatu. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu niliuona mkono wake ukienda chunguni mara tatu.