Uzi: Ukishikwa na mnazi Marereni, kortini kunaendaje?

Kila kampeni ikifika huku kwetu Magarini, mmoja anasimama jukwaani anasema mnazi ni utamaduni, polisi wauache. Mwingine anajibu: fungeni wote. Mimi nataka tuongee kuhusu mahali ambapo hawa wote hawapataji: korti ya Malindi, Jumatatu asubuhi.

Kwanza, mnazi si haramu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliondoa hata marufuku ya chang'aa. Kinachotakiwa ni leseni, na Katiba imeipa kaunti kazi hiyo. Mwenye mangwe asiye na leseni ana kesi, tena adhabu yake si mchezo.

Lakini wanywaji nao hubebwa. Shtaka lao ni kulewa ukashindwa kujimudu, au kulewa na kufanya fujo, mahali pa umma. Faini haizidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Ndio, mia tano! Huenda nauli ya jamaa zako kukufuata Malindi ikapita hapo.

Kwa kosa dogo namna hiyo, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema hufai kuwekwa rumande: ni marufuku kwa kosa lenye adhabu ya faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Shida ni msako wa Ijumaa jioni. Saa 24 zikiisha wakati korti imefungwa, unapelekwa siku ya korti inayofuata. Ndio maana uulizie bondi pale kituoni. Bondi ya polisi haiuzwi. Ukiweka pesa za dhamana, dai risiti, kwa sababu hurudishwa.

Sasa hapa ndipo watu wanaumia. Shtaka linasomwa, mtu anasema "ni kweli" ili yaishe arudi nyumbani. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, hakimu lazima ahakikishe umelielewa shtaka kwa lugha yako, kisha upande wa mashtaka ueleze kilichotokea, nawe uulizwe kama ndivyo. Mzee wa Kigiriama anayepigwa chenga na Kiswahili cha korti ana haki ya mkalimani bila malipo. Na kunywa peke yake si hilo shtaka. Kama ulikaa kimya na mboko wako, sema hivyo maelezo yakisomwa, hakimu ataandika umekana. Ukishakubali, kwa kawaida rufaa yako ni juu ya adhabu tu.

Faini ya 500 ikikushinda, kifungo chake hakizidi siku 14. Kwa mgema hizo si siku chache: karara hukatwa asubuhi na jioni, ikiachwa inakauka.

Hakimu anaweza pia kukuachilia kwa masharti, au kukupa kazi za jamii chini ya sheria ya 1998, ufagie zahanati mchana na jioni upande mnazi wako. Mwombe. Ukiona adhabu imezidi, una siku 14 za kukata rufaa.