Nabongo Mumia: Mwenyeji wa Misafara ya Pwani

Sisi watu wa pwani tukizungumza habari za Uislamu wa bara, aghalabu hutaja Tabora na Ujiji. Nadra kumsikia mtu akiutaja mji wa Mumias, ulioko Kaunti ya Kakamega. Nami naona haifai kuusahau, kwani njia iliyoufikisha Uislamu huko ilianzia kwetu.

Zamani mji huo ukiitwa Elureko, makao ya wafalme wa Wawanga, ambao cheo chao ni Nabongo. Tangu zama za Nabongo Shiundu, misafara ya pwani ilifika huko kutafuta pembe za ndovu. Na tuseme kweli, wengine walinunua hata watu. Shiundu alifariki mwaka 1882, mwanawe Mumia akarithi kiti. Joseph Thomson alifika mwaka 1883. Askofu Hannington alipita mwaka 1885, akaenda kuuawa Busoga.

Mumia alikuwa mwanasiasa hasa. Majirani zake walikuwa wengi na wenye nguvu, lakini yeye alijua kumpokea mgeni. Kwa watu wa pwani alipata bidhaa na bunduki, kisha dini: yeye na wengi wa jamaa zake walisilimu. Waingereza nao aliwapa mahali pa kukaa mwaka 1894. Mwaka uliofuata, chini ya Hobley, walipigana na Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, na Wawanga wakawa upande wa Waingereza. Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu. Ndugu zake Murunga na Mulama wakapewa kutawala Wabukusu na Wamarama.

Lakini fadhila za mkoloni hazidumu. Mwaka 1920 makao ya serikali yalihamishiwa Kakamega, na mwaka 1926 Mumia akastaafishwa. Alifariki mwaka 1949.

Wako wanaomwita msaliti, wako wanaomwita mwerevu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji alipona, je, jirani yake? Waliokufa Chetambe waliletewa mauti na mgeni yule yule. Mimi simwiti msaliti, kwani Wabukusu hawakuwa raia zake, wala hakuna aliyejua mgeni yule angegeuka kuwa bwana. Ila nasema deni lake kwa majirani lisifichwe, kama lisivyofaa kufichwa deni la misafara yetu wenyewe. Wallahu aalam.