Miche ya pwani ya Lindi na udongo wake

Ukimuuliza bwana shamba jinsi ya kutengeneza udongo wa kujazia viriba, aghalabu atakupa kanuni ya tatu, mbili, moja: debe tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Ni kanuni nzuri, na Nachingwea au Njombe haikuangushi. Kilwa ni habari nyingine. Mchanga ulio karibu na mlango ni wa baharini, sehemu kubwa ya ukanda wa pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na anayeifuata kanuni neno kwa neno huishia na miche ya manjano inayodumaa. Kasoro ya udongo wa miche huku si upungufu. Vitu viwili vimezidi, chumvi na chokaa, na kazi ya kwanza ni kuviondoa.

Tuanze na chokaa. Waliojenga Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani karne ya 14 hawakwenda mbali kutafuta vifaa. Matumbawe yalichongwa yakawa mawe ya kujengea, mengine yakachomwa kwa kuni yakawa chokaa. Neema hiyo ya mwashi ni balaa kwa mwenye kitalu. Chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo tele udongoni. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo hudhani mche una njaa, wanaongeza samadi, na hali haibadiliki.

Kipimo chake kipo jikoni. Chota mchanga kiganjani, ukamulie ndimu. Ukitoa povu na kuchemka kwa sauti ndogo, ujue ni vipande vya kombe na matumbawe vilivyosagika. Huo wapelekee mafundi ujenzi. Mchanga wa ufukweni ukiachwa nje mvua nzima ya masika hupoteza chumvi, lakini chokaa yake haiendi popote. Bora uchukue wa mtoni, Matandu au Mavuji, tena juu kabisa mikoko inapoisha, maana mikoko ikiwapo maji ya bahari hufika.

Hapo hapo niseme neno juu ya majivu, kwa kuwa kila mtu anayapenda. Juu ya udongo wa matumbawe, majivu ni kuongeza lilelile lililokwisha kuzidi. Yanafaa mahali pengine kabisa: kwenye udongo uliochotwa chini ya mikorosho ya zamani. Mikorosho ya kusini imepuliziwa salfa ya unga miaka mingi kupambana na ubwiriunga, na utafiti uliofanyika kusini tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba salfa hiyo huongeza tindikali katika udongo wa kichanga. Huo ukitaka kuutumia kitaluni, konzi chache za majivu kwa debe zitausaidia. Wilaya moja, nyuso mbili za udongo, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwenziwe.

Sasa makumbi, ambayo ndiyo hazina yetu. Maduka ya pembejeo Dar es Salaam huuza udongo mwepesi wa kusia mbegu uliofungwa kwenye mifuko, na mwingi huwa na vumbi la makumbi ya nazi lililokaushwa na kushindiliwa. Kusafirisha vumbi la makumbi kuja Kilwa ni kichekesho, sembuse barabara ikikatika kama ilivyokatika eneo la Somanga Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya. Minazi ipo, na makumbi tunayachoma.

Kosa ni kuyachukua kwa wasokota kamba. Pwani yote makumbi ya kamba hufukiwa kwenye matope ya bahari miezi kadhaa ili nyuzi zilainike, na vumbi linalobaki baada ya kuyaponda limelewa chumvi. Hata makumbi ambayo hayajaguswa na bahari yana chumvi kiasi, kwa kuwa mnazi wa ufukweni huinywa. Yaponde kwa mchi au gongo juu ya turubai, ng'oa nyuzi ndefu, kisha pitisha vumbi kwenye chekeche. Loweka katika pipa la maji ya mvua, mwaga kesho yake, loweka tena. Maji ya mwanzo hutoka na rangi ya chai ya rangi; rudia mpaka yatoke meupe kidogo na ulimi usionje chumvi. Asiyeuamini ulimi wake asie choroko chache humo. Ncha za majani zikiungua, rudisha pipani. Angalizo dogo: machicha ya nazi si makumbi. Ukiyatia kitaluni utakuwa umewaalika siafu na ukungu karamuni.

Samadi nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi mbung'o walizuia ng'ombe Kilwa, na mkulima alitegemea mbuzi na kuku. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa mkoa wa Lindi na mifugo yao. Migogoro ya malisho na mashamba iliyofuata inajulikana, sitaipunguza uzito. Lakini mazizi yamejaa samadi, na mwenye kitalu anayepatana na jirani yake mfugaji ana mali. Sharti iwe imeoza mpaka haina joto wala harufu kali. Ya kuku ndiyo kali zaidi na huunguza mizizi ikiwa mbichi.

Mbegu ndogo kama nyanya, pilipili na mchicha hazihitaji samadi hiyo mwanzoni, kwani kila mbegu hubeba akiba yake. Zinahitaji wepesi, unyevu na usafi. Kwenye miaka ya 1930, William Lawrence na John Newell wa taasisi ya John Innes huko Uingereza walichoshwa na miche yao kufa ovyo. Wakatunga mchanganyiko wa kusia wa sehemu mbili za udongo tifutifu uliochomwa kwa mvuke, moja ya mboji ya vinamasi na moja ya mchanga. Kwetu nafasi ya ile mboji inachukuliwa na makumbi yaliyooshwa.

Huo mvuke usiudharau, kwani ndio unaozuia kinyaushi, ugonjwa unaokata mche shingoni siku chache baada ya kuota. Weka matofali ndani ya nusu pipa, maji kidogo chini, udongo ndani ya kiroba cha katani juu yake, funika, washa moto. Fukia kiazi katikati ya udongo, kikiiva, epua. Fanya hivyo kabla ya kuchanganya samadi, na usizidishe moto, kwa maana utaua na vijidudu vyenye faida.

Anayeotesha mpingo afanye kinyume kidogo. Mpingo ni wa jamii ya kunde, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Konzi ya udongo kutoka chini ya mpingo mkubwa, ikitiwa bila kuchomwa, huwaleta bakteria hao kwenye kiriba. Msitu wa kijiji una wenyewe, kwa hiyo omba ruhusa ya kamati. Na udongo wa msituni uchotwe kidogo kidogo. Anayebeba tripu nzima anaacha jeraha.

Kwa mikorosho, chagua kiriba kirefu kwa sababu ya mzizi mkuu, na tumbukiza mbegu majini: zinazozama ndizo za kupanda. Miche ya kubebesha inayosubiri mvua za Desemba ni vyema iwe imesiwa Julai au Agosti, maana shina la kubebeshea huhitaji takriban miezi miwili na kikonyo nacho kinahitaji muda wa kushika. Makumbi basi yapondwe mapema na kutandazwa nje Machi na Aprili, yaoshwe na mvua bure. Ukisoma haya mvua ikiwa bado inanyesha, yatoe nje leo.