Polisi wa Nyamache na mgeni asiye na stakabadhi: Mamlaka yao yanafika wapi?

NYAMACHE haiko mpakani. Anayeelekea Tanzania kwa barabara kuu hupitia Kisii mjini, kisha Migori, ndipo afike Isebania, ambako maafisa wa Idara ya Uhamiaji hukagua pasipoti. Hata hivyo, mgeni anapopatikana sokoni au shambani bila stakabadhi, wa kwanza kuarifiwa ni chifu, naye humpigia simu mkuu wa kituo cha polisi. Je, sheria inamruhusu polisi huyo kufanya nini?

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inasema kuwa kuingia au kuishi nchini bila idhini ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa sababu hiyo polisi wanaweza kumkamata mshukiwa na kumfikisha kortini.

Kumfukuza nchini ni jambo jingine kabisa. Amri ya kumwondoa mgeni hutolewa kwa maandishi na waziri. Hata hakimu hupendekeza tu. Askari anayempakia mtu garini na kumwacha Isebania bila amri hiyo amejitwalia mamlaka ambayo hakupewa na yeyote.

Aidha, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataja haki za mtu aliyekamatwa, wala hakisemi kuwa lazima awe Mkenya. Anastahili kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo uishie siku ambayo korti haiketi.

Kilichotokea Eastleigh, Nairobi, kinaonyesha hatari ya kupuuza hayo. Katika operesheni ya Usalama Watch iliyoanza Aprili 2014, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakachujwa katika uwanja wa Kasarani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi (IPOA) ilieleza baadaye kuhusu seli zilizofurika na watu kuzuiliwa kupita saa 24. Miongoni mwa walionaswa walikuwemo raia wa Kenya.

Hapo ndipo mkazi wa Nyamache anapaswa kutega sikio. Kijana aliyepoteza kitambulisho anaweza kushukiwa kwa lafudhi yake tu. Lakini lafudhi si ushahidi: Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka, na lugha yao iko karibu na Ekegusii.

Kuna pia wageni ambao polisi hawapaswi kuwatazama kama wahalifu. Anayeomba hifadhi hulindwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na hawezi kurudishwa anakokimbia mateso. Naye msichana aliyelaghaiwa akaletwa kutumikishwa nyumbani analindwa na sheria ya 2010 dhidi ya ulanguzi wa binadamu: hashtakiwi kwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Anayetafutwa ni aliyemleta, ambaye kifungo chake hakipungui miaka 30.

Jamaa wa aliyekamatwa waulize kwanza nambari ya OB, yaani kumbukumbu ya tukio katika kitabu cha kituo. Wakinyimwa, au wakiitishwa "kitu kidogo" ili mtu wao aachiliwe, malalamiko hupelekwa IPOA, bila malipo.