Maswali Mawili Yasiyotenganishwa: Vilevi na Hatari ya Kujiua kwa Vijana Balehe

Kata ya Kunduchi, katika Manispaa ya Kinondoni, ina sura nyingi. Ufukweni kuna wavuvi na wachuuzi wa samaki, Mtongani kuna machimbo ya kokoto, na kando ya bahari kuna hoteli za watalii. Kijana anayekulia katika mazingira kama haya, au katika mitaa ya Temeke, anaweza kukutana na pombe, sigara, bangi na hata heroini kabla hajamaliza shule. Anapofika zahanati huulizwa kuhusu homa, kikohozi au kidonda. Maswali mawili husahaulika kwa urahisi: je, unatumia kilevi chochote? Je, umewahi kufikiria kujiua? Makala haya yanaeleza kwa nini maswali hayo huenda pamoja, na kwa nini kuuliza moja na kuacha jingine ni kuifanya kazi nusu.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka, na kwamba kwa takwimu za mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Takribani robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa kila anayekufa, wapo wengi zaidi waliojaribu na wakabaki hai. Hao ndio tunaoweza kukutana nao na kuwasaidia.

Kilevi huongezaje hatari?

Njia ni nne, na mara nyingi hufanya kazi kwa pamoja.

Kwanza, mizizi ya matatizo haya hufanana. Ukatili wa nyumbani, kuonewa shuleni, kuondokewa na mzazi na ugonjwa wa sonona humsukuma kijana kutafuta kilevi ili atulize maumivu ya moyo. Maumivu hayo hayo humsukuma pia kutamani kufa.

Pili, kilevi huathiri ubongo ambao haujakomaa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Pombe huidhoofisha zaidi. Kwa hiyo wazo ambalo lingepita lenyewe hugeuka kuwa tendo, wakati mwingine ndani ya dakika chache.

Tatu, kilevi kinapoisha mwilini huacha majonzi, wasiwasi na kukosa usingizi. Kwa mtumiaji wa heroini, hali hiyo, inayojulikana mitaani kama arosto, huambatana pia na maumivu makali ya mwili. Matumizi makubwa ya bangi yanayoanza mapema nayo yamehusishwa na sonona na mawazo ya kujiua katika umri wa baadaye.

Nne, kilevi huleta hasara: kufukuzwa shule, madeni, ugomvi na wazazi, na kubandikwa jina la "teja". Aibu hiyo humtenga kijana na watu wale wale ambao wangemwokoa.

Mfano wa kufikirika

Chukulia kijana wa miaka 16 anayeletwa kituo cha afya na mama yake kwa sababu halali usiku na amekonda. Mhudumu akiishia kwenye kipimo cha malaria, atampa dawa na kumruhusu. Akimwomba mama asubiri nje kidogo, huenda akasikia kwamba kijana amekuwa akivuta bangi na kunywa pombe kali tangu alipofeli mtihani. Akiuliza swali la pili, huenda akasikia kwamba wiki iliyopita alikusanya vidonge na kuvificha chini ya godoro. Maelezo ya kwanza yanahitaji ushauri nasaha. Ya pili yanahitaji hatua siku hiyo hiyo.

Kwa mhudumu wa afya

Wengi huogopa kwamba kuuliza habari za kujiua kutampandikizia kijana wazo hilo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Kijana aliyeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye mtu amemwona. Anza na usingizi, shule na marafiki, kisha uliza kuhusu vilevi, halafu uliza waziwazi: "Je, kuna wakati umetamani kufa, au kufikiria kujiua?" Akikubali, uliza kama ana mpango, kama ana nyenzo, na kama aliwahi kujaribu. Mwenye mpango na nyenzo asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali akiwa na msindikizaji. Mweleze mapema kwamba siri yake itatunzwa, isipokuwa pale uhai wake unapokuwa hatarini.

Kumbuka pia kwamba methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye katika hospitali za Mwananyamala na Temeke, ni tiba ya uraibu wa heroini na afyuni nyingine. Haitibu uraibu wa pombe wala bangi, na peke yake haiondoi sonona.

Kwa mzazi na mlezi

Zingatia mabadiliko ya ghafla: kujitenga, kugawa vitu avipendavyo, maneno kama "nimewachosha" au "mtapumzika". Usiyachukulie kuwa utani wala deko. Funga dawa za nyumbani na sumu za wadudu mahali asipoweza kufika, na usiweke pombe ndani. Hatua hizi ni ndogo, lakini hununua muda, na muda ndio unaookoa. Kipigo na matusi havijawahi kutibu uraibu.

Sheria na ukimya

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hofu hiyo, familia zinaweza kudai kwamba kijana alikunywa sumu kwa bahati mbaya, na mhudumu akatibu tumbo akaacha moyo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka Katiba ya nchi hiyo. Kwa upande wetu, ni vyema kila mhudumu akumbuke kwamba aliye mbele yake ni mgonjwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwako kijana

Ikiwa unasoma haya na mawazo hayo unayajua, mwambie leo mtu mzima mmoja unayemwamini: mzazi, shangazi, mwalimu au muuguzi. Huduma ya simu kwa mtoto hupatikana bila malipo kwa namba 116. Ukihisi kwamba huwezi kujizuia, nenda hospitali iliyo karibu, hata kama umelewa, hata kama ni usiku. Mawazo ya kufa huja kwa mawimbi, na wimbi, hata liwe kubwa namna gani, hushuka. Usilikabili peke yako.