Pikapu Kuukuu ya Mlimani: Lipia Chesisi Kwanza

Toyota Hilux ya mwaka 1995, rangi imepauka, milango inagonga, viti vimeshonwa upya kwa turubai, bado inauzwa Lushoto kwa fedha ambayo ingemnunulia mtu gari dogo la kutembelea lililotengenezwa miaka kumi baadaye. Mgeni akiambiwa bei hiyo hudhani anapigwa. Akikataa, wiki haiishi gari limechukuliwa na mfanyabiashara wa viazi wa Magamba, ambaye hakuuliza sana habari za rangi.

Bei hiyo ina sababu zake, na nyingine zinaanzia mbali. Hilux ilianza kuuzwa Japani mwaka 1968. Mwaka 2004 Toyota ikaacha kuiuza nchini mwake, na haikuirudisha hadi mwaka 2017, tena safari hii ikitoka kiwanda cha Thailand. Kabla ya hapo, Oktoba 2003, Tokyo na mikoa mitatu jirani ilipiga marufuku magari ya dizeli ya kibiashara yasiyofikia kiwango kipya cha moshi, na mengi yakatafutiwa wanunuzi ng'ambo. Kwa hiyo mfereji uliotuletea pikapu za Kijapani zilizotumika ulijaa sana kwa muda, kisha ukakauka. Tunazogombea leo ni zile za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na hazizaliani.

Sababu ya pili iko bandarini. Gari lililotumika linapoingia Tanzania hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na likishazeeka huongezewa tozo ya uchakavu. Kenya hairuhusu kabisa gari lililozidi miaka minane, na Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi tunaruhusu, ila tunatoza. Pikapu iliyokwisha kuwa hapa nchini imeshabeba kodi hizo ndani ya bei yake, na muuzaji anajua kwamba ukimkatalia utakwenda kuzilipa upya kwingine.

Lakini kinachomfanya mtu wa milimani aing'ang'anie pikapu kuukuu ni kwamba inatengenezeka. Injini za 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja; fundi aliyezoea moja hapotei kwenye nyingine, na spea zake zinapatikana Lushoto, Mombo, Korogwe au Tanga kabla mzigo wa kabichi haujaoza. Land Cruiser zile za mkonga zenye injini ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, ni hivyo hivyo: injini imekuwapo tangu mwaka 1990, haina kompyuta ya kuisumbua, na bei yake ya kuuzia mtu wa kawaida haigusi. Land Rover nayo ina wapenzi wake, na bodi yake ya aluminiamu hailiwi na kutu. Uzalishaji wa Defender ya zamani ulikoma Januari 2016, lakini spea bado zinachongwa. Mimi naiheshimu. Ila ukitaka kuuza haraka, Toyota ndiyo inayogombewa.

Sasa tuje kwenye ununuzi wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Wanunuzi wengi huanzia kwenye injini. Wanaifungua boneti, wanasikiliza, wanapima oili, wanaridhika. Injini ya ukoo wa L ikifa inanunuliwa nyingine na kufungwa kwa siku chache. Chesisi ikifa, gari limekufa.

Lala chini. Kutu ya Hilux hupenda sehemu ya nyuma, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli na pale zinaposhikiliwa springi, kwa sababu tope huingia ndani ya chuma na kukaa humo. Chukua nyundo ndogo, gonga polepole kuanzia mbele. Chuma kizima kinalia kwa sauti kavu. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na ukigonga tena kinamwaga unga wa rangi ya kahawia. Ukikuta chesisi imepakwa rangi nyeusi mbichi wakati bodi haijaguswa, uliza kwa nini. Kutu hii si tatizo la mafukara peke yao: mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kukagua magari yapatayo milioni 1.5, mengi yakiwa pikapu za Tacoma, na kubadilisha chesisi zilizoliwa kupita kiasi. Kule ni chumvi ya barabara za theluji. Huku kwetu ni chumvi ya bahari, na ndiyo maana pikapu iliyoishi Tanga mjini au Zanzibar inatakiwa igongwe mara mbili zaidi ya ile iliyozeekea Magamba.

Kisha simama pembeni, hatua tano, utazame upenyo kati ya kabini na bodi ya kubebea mizigo. Upenyo uwe sawa juu na chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chesisi imepinda nyuma ya kabini kwa kubebeshwa kuliko uwezo, na hakuna fundi wa pembeni mwa barabara atakayeirudisha sawasawa. Dabo kebini ndizo hupinda zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo wake hukaa nyuma ya ekseli.

Pikapu iliyozeekea mlimani ina ugonjwa wake. Barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni ya lami, ila ni kona juu ya kona kando ya korongo, na ukishafika Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, bado kuna kupanda kwenda Magamba, halafu njia za vumbi na matope kuelekea Malindi, Lukozi na Mtae. Kila kilo inayopandishwa itateremshwa. Madereva wazoefu wana kanuni yao: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Asiyeifuata anakanyaga breki toka juu hadi chini, na oili ya breki iliyokaa miaka bila kubadilishwa imeshanyonya maji. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Ikichemka, mguu unazama hadi sakafuni na hakuna kinachoshika. Nusa magurudumu baada ya kuteremka. Harufu ya breki iliyoungua inakwambia dereva aliyekuwepo alikuwa wa namna gani.

Kuna kitu kimoja ambacho hata mafundi huwa wanakipita. Chini ya Hilux nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali ndogo ya breki iliyounganishwa na fimbo. Nyuma ikishuka kwa uzito, fimbo inasukumwa, na vali inaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu zaidi. Mwenye gari anaongeza vyuma vya springi ili abebe viroba vingi. Tangu siku hiyo nyuma haishuki tena hata gari likijaa, vali inadhani gari ni tupu, na breki za mbele zinafanya kazi ya wote. Wengine wameing'oa fimbo kabisa na kuifunga kwa waya. Ukikuta springi zimeongezwa, fuata fimbo hiyo kwa mkono uone imeishia wapi.

Moshi nao unahitaji akili ya mlimani. Kwenye mwinuko wa Magamba hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban asilimia 15, na injini isiyo na tabo, ambayo pampu yake imepangwa kwa hewa ya pwani, inapata dizeli nyingi kuliko hewa. Itatoa moshi mweusi ikipanda na mzigo, na huo si ugonjwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ndio wa kukufanya uangalie maji ya rejeta kwa makini. Na kwa kuwa maji huku juu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, yapata nyuzi 94 au 95, mfuniko wa rejeta uliolegea unachemsha gari huku ambalo Mombo lisingechemka. Mfuniko ni bei ndogo. Silinda hedi iliyopinda si bei ndogo.

Jaribio zuri kuliko yote halina gharama. Nenda asubuhi na mapema, mwezi wa Juni au Julai ikiwezekana, ukungu haujaondoka, na umwombe mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti. Ikiwa ya moto, sema kwa adabu, "Mzee, nitarudi kesho," na urudi kweli. Dizeli yenye ringi zilizochoka haiwaki kirahisi kwenye baridi ya Magamba. Angalia pia gari lilipoegeshwa: pikapu inayolala kila siku juu ya mteremko, pua ikitazama chini, mara nyingi ina sababu. Ikishawaka na kutulia, fungua kifuniko cha oili na ukilaze juu ya tundu lake. Kikicheza kidogo, endelea na mazungumzo. Kikirushwa, moshi ukifuata, ondoa gharama ya ovaholi kwenye bei kabla hamjakaa chini. Na ulizia mkanda wa taiming: ukoo wa L na hata 1HZ wanautumia, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni.

Kwenye makaratasi wanunuzi hudanganyika na namba ya gari. Siku hizi mtu anasema "hii ni namba D" au "hii ni namba E" kana kwamba anataja umri. Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Pikapu ya mwaka 1998 iliyoshushwa bandarini miaka 17 baadaye ina namba ya kijana na mifupa ya mzee, na madalali hupandisha bei kwa herufi. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha linganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi karibu na gurudumu la mbele la kulia. Kama injini ilibadilishwa, namba yake mpya iwe imeandikishwa TRA. Lushoto imekuwa na miradi na misheni nyingi, na gari la mradi lililoingia kwa msamaha wa kodi linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha hudaiwa kodi. Kabla hujatoa fedha, hakikisha imeshalipwa.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la Vigo, Hilux iliyotoka mwaka 2004 na kuendelea. Ina nguvu, inakula mafuta kwa hesabu, na wengi wanaionea wivu. Nozeli za injini kuukuu hufunguka kwa msukumo wa bar 100 na ushei. Mfumo wa Vigo unafanya kazi kwa zaidi ya bar 1,000, na tone la maji au mafuta machafu linatosha kuharibu nozeli ambayo haitengenezwi kwa nyundo. Mambo yalikuwa mabaya zaidi zamani, kabla EWURA haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011 ili isilipe tena kuyachanganya na dizeli. Hata hivyo dizeli inayouzwa kwa madumu vijijini haina wa kuithibitisha. Mwenye Vigo anayeshinda njia za Mtae atumie chujio halisi, amwage maji yaliyotuama chini ya chujio hilo mara kwa mara, na ajaze kwenye kituo anachokiamini. Akishindwa hayo, basi 5L yenye chesisi safi, hata ikiwa ya zamani na ya bei ileile, itampa safari nyingi zaidi za kabichi, na siku ya kuiuza fundi wa mnunuzi hatahitaji kompyuta kuipima.