Swali la Nyani

Nikiwa msibani au harusini, mtu akishajua kwamba nafundisha baiolojia, haipiti robo saa kabla sijaulizwa swali la nyani. "Mwalimu, kama mtu alitokana na nyani, mbona hawa wa Mikumi hawageuki?" Waliokaa karibu hucheka, na muulizaji hutulia kama aliyekwisha kushinda. Kwa miaka mingi nilijibu vibaya. Nilikimbilia Oldupai na fuvu aliloliona Mary Leakey Julai 1959, kisha Laetoli na nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Mwenzangu alinisikiliza kwa adabu, akaondoka na msimamo wake uleule, na nadhani usiku huo aliniombea.

Nilidhani ameuliza habari za mifupa. Hakuwa ameuliza hilo.

Sehemu ya tatizo imo kwenye maneno yenyewe. Kiswahili kinatuita binadamu, wana wa Adamu, kwa hiyo anayetaka kueleza asili ya binadamu bila kumgusa Adamu anajikwaa kwenye neno la kwanza. Vitabu vya historia vikatupatia zamadamu, neno zuri sana, lakini nalo Adamu yumo. Linaloumiza zaidi ni nadharia. Mtaani nadharia ni kinyume cha vitendo. Fundi aliyesoma nadharia tupu humwachii gari lako. Basi tukitamka "nadharia ya mageuko", msikilizaji anasikia jambo lisilowahi kujaribiwa. Kwetu maabara neno hilo hubeba maelezo yaliyopimwa mara nyingi na bado yamesimama. Kwamba kipindupindu huletwa na vijidudu nayo ni nadharia kwa maana hiyo.

Halafu nyani mwenyewe. Nyani ni yule mwenye mkia anayevamia mashamba ya mahindi, na hakuna mtaalamu anayesema tulizaliwa naye. Jamaa yetu wa karibu ni sokwe, wa Gombe na Mahale, na hata huyo si babu. Ni binamu. Mimi na binamu yangu tuna babu mmoja aliyekwisha kufariki, na binamu hana deni la kugeuka kuwa mimi. Babu wa pamoja kati yetu na sokwe anakadiriwa kuishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Mfano huu hueleweka papo hapo, maana ukoo ni jambo tunalolijua. Lakini kuelewa siko kukubali, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kwa kweli.

Aliyenifunza kuzungumza ni jirani yangu, mzee wa kanisa, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini ameendesha duka la dawa baridi. Jioni moja, baada ya shikamoo, niliacha mafuvu nikamuuliza kuhusu rafu zake.

"Mzee, klorokwini mliacha kuuza lini?"

"Serikali iliiondoa 2001, tukaingia kwenye dawa ya SP. Dawa ya mseto ikaja baadaye."

"Kwa nini iliondolewa?"

"Malaria ilishaizoea."

Hapo ndipo pa kukaa. Kila mtu husema malaria imezoea dawa, kama mlevi anavyozoea gongo. Lakini hakuna kimelea kilichozoea chochote. Ndani ya mgonjwa mmoja kunaweza kuwa na vimelea mabilioni, na vinapozaliana jeni hunakiliwa kwa makosa madogomadogo. Kosa moja linatokea kwenye jeni la mlango fulani, na mlango huo unaanza kuitoa klorokwini pale inapofanyia kazi. Dawa inawaua wasio na kosa hilo. Aliyenalo anabaki, anazaa, na mbu anawasambaza watoto wake. Baada ya miaka kadhaa nchi nzima ina watoto wa walionusurika, na sisi tunasema malaria imekuwa sugu.

Mzee alilijua hilo nusu. Nusu ya pili ilimshangaza. Malawi iliacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Mwaka 1992 vimelea vyenye alama ya usugu vilikuwa takriban asilimia 85. Kufikia 2000 vilishuka hadi asilimia 13, na jaribio lililofanyika 2005 likaonyesha klorokwini inawaponya karibu watoto wote waliopewa. Dawa ilipoondoka, ule mlango uliobadilika ukawa mzigo usio na faida, na vimelea vya zamani vikawashinda wenzao.

"Na hayo ndiyo mageuko?"

"Ndiyo hayo, Mzee."

Akafikiri. "Lakini kimelea kimebaki kimelea."

Wenzangu wengi hulicheka jibu hili, nami nililicheka zamani. Siku hizi nalichukua kama pingamizi halali, kwa sababu ndivyo lilivyo. Malaria inaonyesha jinsi mabadiliko yanavyotokea. Haithibitishi kwamba mimi na sokwe tuna babu mmoja. Hilo lina ushahidi wake, na ni kosa kumtwisha mtu yote mawili kwa pamoja kisha kumwita mkaidi akiomba kuyatenganisha.

Ushahidi ninaoupenda uko kwenye chungwa. Mabaharia wa zamani waliugua kiseyeye, fizi zikitoka damu na meno yakilegea, kwa kukosa vitamini C. Mbuzi haugui kiseyeye. Ini lake hutengeneza vitamini hiyo, na mbwa vilevile. Sisi tunalo jeni la kazi hiyo, ila limeharibika. Sokwe naye analo, limeharibika, na uharibifu wake unafanana na wetu. Nyani hali kadhalika. Simbilisi naye hawezi kutengeneza vitamini C, lakini jeni lake limevunjika kwa namna yake. Nilimwambia Mzee: ukikuta karatasi mbili za nyimbo za kwaya zenye kosa lilelile la chapa, kwenye ubeti uleule, unajua zimetoka kwenye nakala moja. Kosa linasema zaidi kuliko kufanana, kwa sababu unaweza kudai kwamba viumbe wanafanana kwa kuwa fundi ni mmoja, lakini ni vigumu kueleza kwa nini fundi huyo arudie kosa.

"Labda kwenu ndilo kosa," akasema. Nikamwachia.

Baadaye, kwa sauti ya chini, alisema kilichokuwa kikimkera tangu mwanzo. "Mnatushusha. Mzungu alituita nyani, leo na wewe unaniletea kitabu kinachosema hivyohivyo."

Hapa mtaalamu anayekimbilia takwimu anastahili kunyimwa chai, kwa sababu Mzee ana historia upande wake. Septemba 1906, bustani ya wanyama ya Bronx huko New York ilimweka Ota Benga, kijana Mmbuti kutoka Kongo, kwenye nyumba ya nyani pamoja na orangutani, na watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Waliopiga kelele hadi akatolewa ni wachungaji Weusi wa Kibaptisti, James Gordon akiwa mbele. Gordon alisema wazi kwamba pamoja na kudhalilishwa kwa mtu wake, aliyaona maonyesho yale kuwa propaganda ya Darwin iliyo kinyume na Ukristo. Ota Benga alijiua 1916. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi hadharani 2020, zaidi ya miaka mia baadaye. Katika kisa hicho wasomi walikuwa na baiolojia mkononi na wakakosea kuhusu mtu; wachungaji waliikataa baiolojia na wakawa sahihi kuhusu mtu. Mwalimu asiyeweza kulikiri hilo mbele ya mzee wa kanisa hana haki ya kumwomba akiri lolote.

Baada ya kulikiri, kuna la kuongeza. Ngazi ile ya kuchora nyani chini, Mwafrika katikati na Mzungu juu haina mahali katika sayansi hii. Mti wa ukoo hauna ngazi. Kimelea cha malaria kimepitia mageuko kwa muda sawasawa na profesa wa Oxford, na wote tuliopo leo ni majani ya mti uleule. Piltdown nayo inafundisha: fuvu la kughushi lililotangazwa Uingereza 1912, lililowafurahisha waliotaka mtu wa kale awe wa kwao. Raymond Dart alipotangaza mwaka 1925 fuvu la mtoto wa Taung kutoka Afrika Kusini, wengi walimpuuza. Udanganyifu wa Piltdown ulifichuliwa 1953, na waliofichua ni wanasayansi wenyewe. Wapingaji hupenda kunitajia Piltdown. Huwa nafurahi wakiitaja.

Pwani mazungumzo huchukua sura nyingine. Mashekhe niliokaa nao hawagombani nami juu ya umri wa dunia, wala juu ya ndege na samaki kubadilika. Mjadala husimama kwa Adamu. Wakatoliki wana waraka wa Papa Pius XII wa 1950, ulioruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili huku ukisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na mwaka 1996 Yohane Paulo II akasema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Nilipomtajia Mzee mapapa hawa alinikumbusha kwamba yeye ni Mlutheri. Kuhusu roho nilimwambia ukweli: sina kipimo chake, na mwenzangu yeyote anayedai darubini imeona kwamba haipo amevuka mpaka wa kazi yake.

Juzi nilipita dukani kwake. Alikuwa amesikia habari za mseto kulegea. Nikamweleza kwamba Rwanda iliripoti mwaka 2020 vimelea vyenye mabadiliko yanayoipunguzia nguvu artemisinini, dawa mojawapo ya mseto, na kwamba Kagera navyo vimeonekana. Akainuka kumhudumia mama aliyekuja na mtoto, akarudi akaketi.

"Kwa hiyo hao wa Kagera ni watoto wa walionusurika?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mseto una dawa mbili. Wa kuiponyoka moja anazaliwa mara chache. Wa kuziponyoka zote mbili kwa mpigo atazaliwa mara ngapi?"

Sikuwa nimemfundisha hilo. Nikavuta kiti, nikachukua boksi tupu la dawa, tukaanza kupiga hesabu mgongoni mwake.